Menengai: nani alipe kabla mvuke haujatoka?

Umeme wa mvuke hulipiwa kabla haujaonekana. Unatoboa ardhi kilomita mbili au zaidi, unamaliza dola milioni kadhaa kwa kisima kimoja, na hadi siku ya mwisho hujui huko chini kuna nini: mvuke wa nguvu, maji ya vuguvugu yasiyoweza kuzungusha chochote, au mwamba mkavu. Kisima kikikosa, pesa zimekwenda na hakuna wa kumdai. Kwa hiyo swali gumu la kawi safi katika nchi kama yetu halihusu ufundi. Ufundi tunao, Olkaria, kule Naivasha, inazalisha umeme tangu 1981. Swali ni nani atabeba gharama ya mwanzo, na kwa riba gani.

Kisa cha kreta ya Menengai, mlima unaolitazama jiji la Nakuru kutoka kaskazini, kinalijibu swali hilo nusu nusu. Serikali ilianza kwa uamuzi wa busara sana. Kisha ikachelewa mahali ambapo kila mwaka wa kuchelewa una bei yake. Na huku chini tunakoishi, wengi wetu bado tunapikia makaa. Nayapitia yote matatu kwa sababu mjadala wa dunia kuhusu kupunguza kaboni kwa kushusha bei ya kawi safi huishia mara nyingi kwenye hatua ya kwanza, na hatua ya kwanza peke yake haiondoi moshi jikoni kwa mtu.

Serikali ichimbe, wengine wajenge

Kwa miaka mingi Kenya ilitegemea mito kupata stima: mabwawa ya Tana kama Masinga, Gitaru na Kiambere, na Turkwel upande wa kaskazini magharibi. Mvua ilipokosa mwaka 1999 na 2000, stima ikagawanywa kwa zamu na majenereta ya dizeli ya dharura yakakodishwa. Ukame uliporudi miaka iliyofuata, majenereta nayo yakarudi. Dizeli huumiza mara mbili. Inachafua hewa, na bei yake huingia moja kwa moja kwenye bili ya mwananchi kupitia tozo ya gharama ya mafuta. Mvuke wa ardhini haujali kama mvua imenyesha au la. Lakini ni kampuni gani ya kibinafsi ingekuja kutoboa kreta ambayo haijawahi kutobolewa, kwa pesa zake yenyewe? Na kama ingekuja, ingedai bei ya umeme iliyotiwa ndani gharama ya visima vyote vitakavyokosa.

Jibu lilipendekezwa kwenye sera ya kawi ya 2004: iundwe kampuni ya umma ambayo kazi yake ni kuutafuta mvuke. Kampuni hiyo, Geothermal Development Company, ambayo sote hapa tunaiita GDC, iliundwa 2008. Inachunguza, inachimba, inapima, inalaza mabomba, kisha inauza mvuke kwa watakaojenga mitambo ya umeme. Mwekezaji anakuta kisima kimeshapimwa na kiwango cha mvuke kinajulikana. Kilichobaki kwake ni ujenzi wa kawaida, na ujenzi wa kawaida benki yoyote inauelewa.

Kazi ya kuchimba Menengai ilianza Februari 2011, na baada ya miezi michache mvuke ukapatikana. Haikuwa kazi nyepesi. Visima kadhaa vilipofika kina cha kilomita mbili na kidogo, ncha ya kuchimbia iligusa magma, yaani mwamba ulioyeyuka wenyewe, na vipande vya kioo cha volkeno vikapanda juu pamoja na tope la kuchimbia. Hebu fikiria mwekezaji wa kibinafsi akipokea ripoti ya namna hiyo akiwa na mkopo wa benki mgongoni. Angefunga virago. GDC iliendelea, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na bajeti ya serikali pamoja na mikopo na misaada ya masharti nafuu, ikiwemo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Mifuko ya Uwekezaji wa Tabianchi. Leo ukitembea ndani ya kreta unaona matunda ya ujasiri ule: mabomba mapana yaliyofungwa mabati yanayong'aa, yakipita juu ya mawe meusi ya volkeno, na kila baada ya umbali fulani yakipinda na kurudi ili yapate nafasi ya kutanuka yanapopata joto.

Mwaka 2013 kampuni tatu zilichaguliwa kujenga mitambo mitatu ya megawati 35 kila mmoja, jumla megawati 105: Sosian, Quantum na OrPower 22. GDC ingeziuzia mvuke, nazo zingeiuzia Kenya Power, kampuni inayosambaza stima nchini, umeme kwa miaka 25.

Kwa nini mpango huu unashusha bei

Wanaopinga kawi safi husema ni ghali, na wanaoiunga mkono husema ni rahisi kwa sababu jua, upepo na joto la ardhi ni vya bure. Wote wanaacha kitu. Mtambo wa dizeli ni rahisi kuununua na ghali kuuendesha. Wa mvuke, kama ule wa jua au upepo, hugharimu karibu pesa zake zote mwanzoni, na baadaye matumizi ni madogo. Maana yake ni kwamba bei ya umeme safi inatawaliwa na bei ya mkopo.

Tuchukue mtambo wa kufikirika tu, wa megawati 35, uliogharimu dola milioni 100, unaofanya kazi asilimia 90 ya muda kwa miaka 25. Pesa zote zikikopwa kwa riba ya asilimia 5, kila kilowati-saa itabeba takriban senti 2.6 za Marekani za kulipa mkopo huo. Riba ikiwa asilimia 12, mzigo unapanda hadi senti 4.6 hivi. Chuma hakijabadilika, mvuke haujabadilika, wafanyakazi ni wale wale. Kilichobadilika ni woga wa mkopeshaji tu, na woga huo unalipwa na anayenunua tokeni.

Ndiyo maana nasema uamuzi wa kuunda GDC ulikuwa wa busara. Hakuna aliyeamriwa kutumia kawi safi, wala mwananchi hakuongezewa bei ili aikimbie ile chafu. Serikali iliingia mahali penye woga mwingi zaidi na kuubeba. Iceland ilitangulia na wazo la aina hii: miaka ya 1960 mfuko wa kawi wa taifa ulikopesha pesa za kuchimba, na kisima kikikosa, mkopo ungeweza kugeuzwa kuwa ruzuku. Bei ya mafuta ilipopanda 1973, nchi ile ilikuwa na msingi wa kupasha nyumba joto kwa maji ya ardhini. Ujerumani ilitumia njia nyingine kwa lengo lile lile: sheria yake ya 2000 ilimhakikishia kila mwenye paneli bei maalumu ya kuuza umeme kwa miaka 20, viwanda vikapata soko la uhakika, China ikajenga viwanda vikubwa zaidi, na kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli ikaanguka kwa karibu asilimia 90. Wajerumani walilipa bei ya juu mapema. Duka la vifaa vya stima hapa Nakuru leo linauza paneli ambayo kushuka kwa bei yake kulianza na malipo yale.

Hapo ndipo kisa kidogo kama cha Menengai kinapogusa dunia. Mchango wa Kenya katika gesi chafu zote za dunia haufiki hata asilimia moja, kwa hiyo megawati 105 hazitapoza sayari. Lakini nchi nyingi zilizo kwenye Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia hadi Tanzania, zina joto ardhini na hazina pesa za kubahatisha. Umoja wa Afrika, ukisaidiwa na Ujerumani kupitia benki ya KfW, ulianzisha mwaka 2012 mfuko wa kugharamia sehemu ya uchunguzi na uchimbaji katika Afrika Mashariki. Na marais wa Afrika walipokutana Nairobi Septemba 2023 kujadili tabianchi, azimio lao lililalamikia waziwazi riba kubwa ambazo nchi za Afrika hutozwa. Nakubaliana nao kabisa. Nchi inayokopa kwa asilimia 12 ikiambiwa ishindane na inayokopa kwa asilimia 4 katika kujenga mitambo safi, inaambiwa ibaki na dizeli.

Niseme pia kwamba mvuke si safi kwa asilimia mia. Hutoka na kaboni kidogo na gesi ya salfa yenye harufu ya mayai yaliyooza, na wanaoishi karibu na visima wana haki ya kupimiwa hewa yao. Ukiulinganisha na mafuta mazito, hata hivyo, mvuke uko mbali sana upande wa kheri.

Miaka kumi na miwili kati ya mvuke na stima

Mvuke ulipatikana 2011. Kampuni zikachaguliwa 2013. Umeme wa kwanza kutoka Menengai, ule wa mtambo wa Sosian, uliingia kwenye gridi 2023. Mwaka huo huo mtambo wa pili, ambao kutoka kwa Quantum ulikuwa umepita mikononi mwa Globeleq, ndio kwanza ulikuwa unaanza kujengwa, na wa tatu ulikuwa bado.

Sehemu hii inaniuma, kwa sababu hatari kubwa, ile ya ardhi, ilikuwa imeshashindwa. Kilichobaki kilikuwa makaratasi. Mkopeshaji alitaka kujua: GDC ikishindwa kuleta mvuke, nani analipa? Kenya Power ikishindwa kulipia umeme, nani analipa? Maswali hayo ni halali. Mtu anayekopesha kwa miaka mingi lazima ayaulize. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliweka dhamana kwa ajili ya hatari hizo mbili hasa, nayo serikali ilitakiwa kutoa barua za kuunga mkono miradi. Lakini mkataba wa mvuke, mkataba wa umeme, barua, dhamana na mkopo vilikuwa vinategemeana, na karatasi moja ikikwama zote zinakwama. Baadaye hali ya hewa ya kisiasa nayo ikabadilika: serikali ikasimamisha mikataba mipya ya kununua umeme, na 2021 jopo la rais likaichunguza ile iliyokuwapo, kwa sababu wananchi walikuwa wamechoka na bei. Uchunguzi ule ulihitajika. Kwa mwekezaji anayetafuta mkopo, hata hivyo, ulikuwa sababu nyingine ya benki kungoja.

Wakati huo mkopo wa kuchimba haungoji. Kisima kilichofungwa valvu kinaendelea kulipiwa riba kama kile kinachozungusha mtambo. Na miaka ile ile ambayo mvuke wa Menengai ulikuwa umefungiwa ardhini, kati ya 2013 na 2015 hivi, mitambo mipya ya mafuta mazito ilisimama upande wa Thika na Athi River: Thika Power, Gulf, Triumph. Nayo ilijengwa na kampuni za kibinafsi, nayo ilikuwa na dhamana, za Benki ya Dunia. Mitambo ya namna hiyo hulipwa ada ya kuwa tayari hata siku ambazo haiwashwi. Kwa hiyo Mkenya alifunga mkataba mrefu na mafuta huku mvuke alioutafuta kwa pesa zake ukingoja sahihi.

Siamini kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo. Mtambo wa mafuta hukamilika haraka kwa sababu benki imeuzoea, mikataba yake imeshaandikwa mara nyingi, na hauhitaji kampuni ya pili ya kuuletea mvuke. Kuigawa kazi kati ya mchimbaji wa umma na mjenzi wa kibinafsi kuliondoa hatari moja na kuzaa nyingine, ile ya mmoja kumngoja mwenzake. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ambayo pale Olkaria inaendesha visima na mitambo pamoja, hata vile visima vilivyochimbwa na GDC, ilikamilisha megawati 280 mpya kati ya 2014 na 2015, na leo mvuke unatoa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi, sehemu kubwa ikitoka huko. Mimi nasoma hapo kwamba mgawanyo wa Menengai unafaa tu pale ambapo karatasi zote ziko tayari kabla ya mtambo wa kuchimba kupandishwa mlimani.

Kutoka kisimani hadi jikoni

Karibu na soko la Wakulima kuna mama anayeuza githeri. Jiko lake ni la udongo ndani na bati nje, sufuria imekuwa nyeusi hadi shingoni, na makaa anayanunua kwa mkebe, kila siku mkebe wa siku hiyo. Kreta ya Menengai iko kilomita chache tu kutoka anapoketi. Nilimuuliza, “Mama, mbona hupikii stima?” Akacheka kidogo, akatoa simu, akanionyesha ujumbe wa tokeni alizonunua: pesa alizotuma, kisha zikatengwa mbili, za umeme na za tozo nyinginezo. “Stima ni ya taa na ya simu, mwanangu,” akaniambia. “Ya kuchemsha mahindi na maharagwe ni ya wenye pesa.”

Kwa hesabu ya sufuria moja, hayuko sahihi. Sufuria ya umeme ya presha huivisha maharagwe kwa chini ya uniti moja, yaani kilowati-saa moja, na uniti moja ya nyumbani, tozo zikiwemo, inacheza kati ya shilingi 20 na 30 hivi. Makaa ya kuchemsha kiasi hicho cha chakula kwa saa kadhaa yanazidi hapo kwa urahisi. Lakini kwa hesabu ya mfuko wake yuko sahihi kabisa. Sufuria ile inauzwa maelfu ya shilingi, zinazotakiwa zote kwa pamoja, naye analipia moto wake kwa pesa za leo. Ni shida ile ile ya kisima, imeshuka tu kutoka mlimani hadi sokoni: gharama yote iko mbele, na hakuna aliyejitokeza kuibeba.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 0.9 tu ya nyumba za Kenya zilitegemea umeme kupika. Kuni zilikuwa asilimia 55.1, gesi 23.9, makaa 11.6 na mafuta taa 7.8. Nchi ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake hautokani na mafuta inapikia miti. Ukitaka kujua kaboni ya Kenya inakopungua au kuongezeka, angalia Msitu wa Mau kabla hujaangalia gridi.

Serikali imejaribu kugusa mwisho huu kwa ushuru, na hapo imeyumba. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye gesi ya kupikia iliondolewa 2016, ikarudishwa 2021 kwa asilimia 16, ikapunguzwa 2022 hadi asilimia 8, ikaondolewa tena 2023. Vifaa vya sola vilirudishiwa VAT 2020 na kusamehewa tena 2021. Gesi bado ni mafuta ya ardhini, najua, lakini ni hatua kubwa kwa mapafu ya mama na kwa miti. Familia iliyonunua mtungi kwa kuamini bei ya 2020 ilijikuta 2022 ikirudi kwa muuza makaa. Kwa mtu wa kipato kidogo, bei inayopanda na kushuka kila bajeti ni mbaya karibu sawa na bei ya juu. Upande mwingine, marufuku ya ukataji miti ya 2018 ilipandisha bei ya makaa bila kumpa mnunuzi moto mwingine.

Kuna jambo moja ambalo lingefaa kufanyiwa kazi Nakuru kabla ya popote. Usiku wa manane matumizi ya stima nchini hushuka, na mitambo ya mvuke hulazimika kupunguza uzalishaji; mvuke uliolipiwa unaachwa bila kazi. Wenye viwanda walipewa nafuu ya bei ya usiku tangu 2017, na magari na pikipiki za umeme zikapata 2023 bei yao maalumu, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa za matumizi madogo. Mama wa githeri huwasha jiko kabla ya alfajiri. Anachemsha saa zile zile ambazo mvuke hauna mnunuzi, na bado hana bei ya usiku. Mpe sufuria ailipie kidogo kidogo ndani ya tokeni, kama maelfu ya nyumba za magharibi mwa Kenya zilivyolipia taa za sola kwa simu, kisha mpe uniti ya usiku kwa nusu bei. Kenya Power inauza umeme ambao usingeuzwa, na mkebe wa makaa unabaki kwa muuzaji.

GDC yenyewe imeonyesha kwamba inaweza kufikiri zaidi ya umeme. Ndani ya kreta imejenga majaribio madogo yanayotumia joto moja kwa moja: mtambo wa kuchemshia maziwa, kivungulio cha mboga, vidimbwi vya samaki, na chumba cha kufulia nguo. Ni madogo, lakini ndiyo sehemu ya mradi ambayo mkulima wa Bahati anaielewa mara moja, kwa sababu maziwa yanayoharibika anayajua. Oserian, lile shamba la maua la Naivasha, lilipasha vivungulio vyake kwa mvuke miaka mingi iliyopita, kwa hiyo hakuna cha kubuni upya.

Mlima Paka usirudie njia hii

Sasa GDC imehamia kaskazini, Baringo, ambako ilianza kuchimba mlima Paka mwishoni mwa 2018 kwa mkopo wa KfW, na mvuke umepatikana. Kwa maoni yangu, kabla ya kisima kingine kutobolewa huko, mambo manne yawe yameandikwa na kusainiwa: mkataba wa kuuza mvuke, mkataba wa kununua umeme, barua ya serikali, na dhamana ya benki, yote yakiwa fomu moja inayojulikana, ambayo mwekezaji anaikubali anapoomba kazi badala ya kuijadili upya kwa miaka. Zabuni itangazwe wazi na mshindi awe anayetaka bei ya chini kwa uniti. Malipo yawekwe kwa shilingi kadiri inavyowezekana, maana dola ilipovuka shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, tozo ya fedha za kigeni kwenye bili ilitukumbusha ni nani hubeba mkataba wa dola. Na sehemu ya pesa za masharti nafuu, hata ndogo, itengwe tangu mwanzo kwa ajili ya waya, mita na sufuria za watu wa Baringo na Nakuru.

Wakopeshaji wa nje watasema sufuria si miundombinu. Wizara ya Kawi iwajibu kwa takwimu ya sensa: asilimia 0.9.